Tazama Tundu Kabla ya Bei: Hotuba kwa Mafundi Umeme Chipukizi, Mbeya

Mgeni rasmi, walimu wetu wa karakana, mafundi wenzangu wa Mbeya mjini, na ndugu zetu mliopanda basi la alfajiri kutoka Tukuyu, Vwawa, Makambako na Mafinga: kamwene! Na watu wa Rungwe na Kyela wasije wakasema tumewasahau: mugonile!

Nimeombwa nizungumzie kifaa kimoja tu, koleo la kumenyea waya lenye kazi nyingi, nilinganishe aina zake kwa ajili ya kazi zetu za kila siku. Nawashukuru waandaaji kwa kuchagua jambo dogo. Tukikutana mafundi huwa tunazungumzia leseni za EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), tenda, na wateja wanaochelewesha malipo, na muda unakwisha hatujagusa kile ambacho mkono unakishika kutwa nzima.

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba ya kawaida pale Ilomba, au ya kijijini ambako nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zimefika, nyumba yenye soketi kumi. Soketi ambayo waya unaingia na kutoka kwenda nyingine ina ncha sita za kumenya: mbili za moto, mbili za nutro, mbili za ethi. Soketi kumi zikipangwa hivyo unakaribia ncha sitini, na bado hujagusa swichi, taa, hita ya maji wala ubao wa sakiti breka. Kila ncha ni mahali ambapo kinga ya waya imeondolewa kwa mkono wa fundi. Waya wenyewe ulipimwa kiwandani. Zile ncha hakuna atakayezipima isipokuwa wewe.

Naomba kipande hiki kipite mkono kwa mkono, kianzie kwa vijana wa mbele. Ni waya mgumu, wenye uzi mmoja tu wa shaba, wa 2.5, yaani milimita za mraba 2.5. Nilikitoa nyuma ya soketi ya jikoni katika nyumba moja ya hapa mjini, mama mwenye nyumba akilalamika kwamba kila akichemsha maji soketi inanuka plastiki. Tazameni pale ganda linapoishia. Kuna mfereji mwembamba umeizunguka shaba, na upande mmoja umeingia zaidi. Shaba iliyo mbele ya mfereji bado ina rangi yake. Iliyo nyuma yake imekuwa nyeusi-zambarau, na ganda limekakamaa kiasi kwamba ukilikunja linapasuka. Pitisheni ukucha taratibu kutoka kwenye ganda kuelekea nchani. Ukucha unanasa. Aliyeumenya waya huu alitumia tundu la koleo lililo dogo kuliko waya, au alizungusha kisu.

Wakata miti wa Sao Hill wanalijua jambo hili kuliko sisi: mti ukitaka uangukie upande fulani, unaupiga chale upande huo kwanza. Chale kwenye shaba inafanya hivyo hivyo. Unaushindilia waya ndani ya boksi, unapinda, na mahali unapopinda ni pale penye chale. Haukatiki siku hiyo. Unaumia kidogo, na kila plagi ikisukumwa na kuvutwa unaumia tena kidogo.

Sasa umeme wenyewe. Kiungo kilichopungua shaba au kilicholegea kina ukinzani. Chukua omu 0.1 tu. Jagi la umeme la wati 3,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 13. Zikipita kwenye omu hiyo 0.1, unapata joto la karibu wati 17, na joto hilo lote linakaa ndani ya kiboksi kilichofukiwa ukutani. Kwenye sola ni vibaya zaidi. Mfumo wa volti 12 wenye mzigo wa wati 120 unavuta ampea 10, na omu ile ile 0.1 inameza volti moja nzima kati ya kumi na mbili. Mteja wa Chunya au Mbarali atakupigia simu akisema betri imekufa, utapanda pikipiki kwenda huko, kumbe betri ni nzima na tatizo ni ncha.

Waya wa nyuzi nao una hatari yake. Ule wa 2.5 wenye nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67. Ukikata nyuzi mbili wakati wa kumenya zimebaki tano, na pale kwenye ncha waya wa 2.5 umekuwa wa 1.8. Sakiti breka kwenye ubao imechaguliwa kwa hesabu ya 2.5. Haitaruka kwa sababu ya nyuzi mbili zilizobaki sakafuni.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema. Unaponunua koleo la kazi nyingi, kazi ya kwanza ni kumenya; nyingine zote zinafuata nyuma. Koleo linalokata, kushika, kukunja na kubana lagi (kile kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye ncha ya waya), lakini linachubua shaba, usilinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Makoleo mtakayoyakuta Mwanjelwa, Kabwe, au kwa wanaoagiza kutoka Kariakoo ni ya namna tatu.

La kwanza ni lile bapa, la chuma chembamba, lenye safu ya matundu, sehemu ya kukatia, sehemu ya kubana lagi, na mara nyingi vitundu vyenye hesi, yaani mifereji kama ya skrubu, vya kukatia skrubu. Umbo hili limezoeleka sana Marekani. Kampuni ya Klein Tools, iliyoanzia Chicago mwaka 1857, hulitengeneza vizuri. Ni jepesi, linaingia mfukoni, na nakala zake za bei nafuu zimejaa madukani. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo shaba nyingi inapoharibika.

Namba zilizoandikwa kwenye matundu hayo mara nyingi ni za AWG, kipimo cha Kimarekani, na kipimo hicho kinahesabu kinyume: namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Sisi tunanunua waya kwa milimita za mraba. 14 AWG ni sawa na milimita za mraba 2.08, na 12 AWG ni 3.31. Waya wetu wa 2.5 umeangukia katikati, hauna tundu lake. Wa 1.5 nao umeangukia kati ya 16, ambayo ni 1.31, na 14. Kijana anatazama, anaona 2.08 iko karibu zaidi na 2.5 kuliko 3.31, anachagua tundu la 14. Tupime kipenyo. Waya mgumu wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78. Tundu la 14 limechongwa kwa ajili ya waya wa 1.63. Meno lazima yaingie kwenye shaba, hayana pengine pa kwenda. Kile kipande mnachopitishiana sasa, mfereji wake unalingana kabisa na kosa hili.

Tundu la 12 ni la waya wa kipenyo cha 2.05. Hapo shaba inapona. Ganda linabaki limeshikwa na utando mwembamba sana, na ukivuta utando unakatika wenyewe. Basi mwenye koleo la namba za Kimarekani ashike hivi: 2.5 iende tundu la 12, 1.5 iende tundu la 14, na 4 iende tundu la 10. Waya wa 6 hauna nafasi kwenye mengi ya makoleo haya, kwa sababu yanaishia 10. Halafu mengi yana safu mbili za namba, upande mmoja za waya mgumu na upande wa pili za waya wa nyuzi, kwa sababu waya wa nyuzi ni mnene kuliko mgumu wenye shaba ile ile. Wa 2.5 wenye nyuzi saba unafikia milimita 2.01, kwa hiyo ndani ya lile tundu la 12 la waya mgumu unabanana. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ukishajua tundu lako, liwekee doa la rangi ya kucha. Ukiwa darini na tochi mdomoni hutasoma namba, lakini doa jekundu utaliona.

Na vile vitundu vya kukatia skrubu? Skrubu za maboksi yetu ya soketi na swichi ni M3.5, na hatua ya hesi yake, yaani umbali kati ya mfereji mmoja na unaofuata, ni milimita 0.6. Koleo la Kimarekani lina kitundu cha 6-32, ambacho kipenyo chake nacho ni karibu milimita 3.5, lakini hatua ya hesi yake ni karibu 0.79. Skrubu inaanza kuingia, unaona imekubali, unaendelea kuizungusha, na hesi zote mbili zinaharibika: ya skrubu na ya koleo. Kama koleo limeandikwa M3.5 hapo sawa, na kitundu hicho ni baraka kweli kweli, kwa sababu skrubu ndefu ukiikata kwa kisu cha koleo inaharibika kichwani mwa hesi na haiingii tena kwenye boksi. Ukiikata ndani ya kitundu, kisha ukaizungusha kuitoa, hesi inajinyoosha yenyewe.

Namna ya pili ni koleo lenye mwili wa plaizi kamili, ambalo limeongezewa matundu ya kumenyea. Mfano bora ninaoufahamu ni wa Knipex ya Wuppertal, Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1882. Koleo lao la ufungaji umeme, mfululizo wa 13, lina urefu wa milimita 200. Ncha zake zinashika kitu bapa na kitu cha mviringo, linakunja waya, linasugua kingo za boksi la chuma lililokatwa lisikwaruze waya, linakata kebo hadi unene wa milimita 15, linamenya, na linabana feruli, vile vikofia vya chuma vya ncha za waya wa nyuzi, za kuanzia 0.5 hadi 2.5. Matundu yake ya kumenyea ni mawili tu: moja la 0.75 hadi 1.5, na moja la 2.5. Mtu atasema, koleo la bei kubwa hivyo, matundu mawili! Lakini tazama kazi yako. Taa ni 1.5. Soketi ni 2.5. Sehemu kubwa sana ya siku yako iko ndani ya matundu hayo mawili, nayo yameandikwa kwa milimita zetu, hakuna kubuni.

Mimi kwa kazi ya nyumba ndilo ninalolipenda, na sababu yangu kubwa ni ngazi. Ukiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika papi ya dari, unaobaki ni mkono mmoja. Kila kifaa unachobadilisha ni nafasi ya kukidondosha kichwani kwa msaidizi wako. Koleo hili linavuta waya kutoka kwenye paipu, linaukata, linaumenya na kuukunja bila kutoka mkononi. Bei yake inauma, sitaficha. Zipo nakala za umbo hilo hilo kwa bei ya chini sana, na miongoni mwake zipo zinazofanya kazi vizuri. Nitawaonyesha namna ya kuzitambua.

Namna ya tatu ni stripa, yaani koleo la kumenyea tu, inayojirekebisha yenyewe. Unaingiza waya, unabana mara moja: taya moja inashika ganda, meno yanalikata, kisha taya zinaachana na ganda linatoka. Huchagui tundu. Ile ya Irwin Vise-Grip inayojulikana sana inamenya kuanzia 24 hadi 10 AWG, yaani kama milimita za mraba 0.2 hadi 5.3, na ina kigingi cha kupimia urefu unaotaka kumenya. Kwa anayefunga mapaneli, anayeunga mota za mashine za kusaga au za kupasulia mbao pale Mafinga, ambako unakaa mbele ya boksi moja na nyaya za kudhibiti kwa makumi, kifaa hiki kinaokoa kidole gumba na kinatoa ncha zenye urefu mmoja. Kwenye boksi la soketi lililofukiwa ukutani, na waya umebaki mfupi, kichwa chake hakiingii. Wala hakishiki, hakikunji, hakivuti. Kwa hiyo ni kifaa cha pili, siyo cha kwanza.

Kina tatizo jingine ambalo wenzetu wa Pwani hawalioni. Ganda la PVC linakuwa gumu kwenye baridi. Asubuhi ya Juni au Julai kule Makete, Njombe, au karibu na Kitulo ambako sakitu hukaa juu ya majani, waya uliolala stoo usiku kucha unamenyeka vibaya: taya zinateleza, au ganda linachanika badala ya kukatika. Watu wanaikaza ile skrubu ya kurekebisha nguvu, basi jua likipanda ganda linalainika na meno yanafika kwenye shaba. Usiikaze. Uweke waya juani, au uulaze ndani ya nyumba usiku, uanze na kazi ya kutoboa kuta kwanza. Waya utakuwa tayari saa nne.

Kuhusu kubana lagi nitasema kwa ufupi. Nyekundu ni za waya wa 0.5 hadi 1.5, za bluu 1.5 hadi 2.5, za njano 4 hadi 6. Sehemu ya kubania iliyo kwenye koleo la kazi nyingi inategemea nguvu ya kiganja chako, na saa kumi jioni kiganja siyo kile cha saa mbili asubuhi. Kwa nyekundu na bluu, ukibana kisha ukavuta kwa nguvu na lagi isitoke, nakubali. Kwa njano, na kwa kila kitu cha betri na inveta, tafuta koleo la kubania lenye meno ya kujifunga, lile lisiloachia mpaka mbano utimie. Halina mbadala.

Mishikio. Rangi nyekundu na njano ya plastiki kwenye mshikio haina maana kwamba koleo limekingwa na umeme. Koleo lililokingwa kwa kufuata kiwango cha IEC 60900 lina alama ya pembetatu mbili na limeandikwa 1000 V, na kila moja limepimwa kwa volti 10,000. Kama alama hiyo haipo, mshikio ule ni wa kuzuia mkono usiteleze, basi. Stripa nyingi zinazojirekebisha zina mwili wa chuma mtupu hadi mshikioni. Hata ukiwa na koleo lenye pembetatu mbili, zima meni swichi, pima kwa tesita kwenye waya unaojua una umeme, pima waya wako, rudi upime tena ule wa kwanza, ndipo umenye.

Dada zetu mafundi, na ninafurahi kuwaona mmekuwa wengi safu ya kushoto, angalieni pia upana wa mishikio inapofunguka. Makoleo mengi yametengenezwa kwa kiganja kikubwa. Kama vidole vyako havifiki vizuri likiwa wazi, utabana kwa ncha za vidole, na koleo litayumba wakati wa kumenya. Likiyumba linakata upande mmoja wa shaba. Usione aibu kumwambia muuzaji akutolee manne au matano uyashike.

Na huko dukani, nenda na waya wako. Vipande vifupi vya 1.5 na 2.5, vigumu na vya nyuzi, mfukoni. Kwanza lifunge koleo, ulielekeze kwenye mwanga wa mlangoni. Matundu yawe duara kamili na kingo za kukatia zikutane bila mwanga kupenya. Nusu moja ya tundu ikikaa juu ya nyingine, rudisha, hilo litachubua waya kila siku ya maisha yake. Shika mishikio uitikise kushoto na kulia: kiungo kikicheza likiwa jipya, baada ya mwezi mmoja matundu hayatakutana tena. Kisha menya. Mwombe muuzaji ruhusa, mwenye mali nzuri hakatai. Pitisha ukucha kwenye shaba kama mlivyofanya leo. Kunja waya mgumu pale ganda linapoishia, digrii tisini, unyooshe, ukunje upande wa pili. Shaba nzima inavumilia mikunjo kadhaa. Yenye chale inakatika mapema, tena inakatikia hapo hapo. Waya wa nyuzi hesabu nyuzi: ni saba zilizoingia, ziwe saba zilizotoka.

Kijana anayeanza, mwenye fedha ya koleo moja tu, na kazi yake ni nyumba: chukua lenye mwili wa plaizi na matundu ya 1.5 na 2.5 yaliyoandikwa kwa milimita, hata kama si la Ujerumani, alimradi limefaulu majaribio hayo. Ukipata kazi za sola, ongeza koleo la kubania lenye meno ya kujifunga kabla hujaongeza kitu kingine chochote, kwa sababu waya wa paneli wa 4 na 6 hautaki kubahatisha. Stripa inayojirekebisha ingoje mpaka kazi za mapaneli ziwe za kudumu. Lile bapa la bei nafuu si baya, na mafundi wengi wazuri wa mji huu wamelifanyia kazi miaka mingi. Linahitaji tu mtu anayejua kwamba 2.5 ni tundu la 12.

Nimeyaleta ya namna zote tatu, yako juu ya meza ile karibu na dirisha, pamoja na roli ya 1.5, roli ya 2.5 na kipande cha kebo ya sola. Walimu wameniruhusu tuyatumie hadi chakula cha mchana. Tugawanyike makundi manne, kila mmoja amenye ncha zake kwa kila koleo, azikunje, na anayepata iliyokatika aniletee tuitazame pamoja tundu gani lilitumika. Ndaga fijo, asanteni sana, karibuni mezani.